Wifi Yangu na Kiti cha Tatu

Kabla mto haujatoka mikononi mwa wifi yangu, lazima kwanza aukalie yeye mwenyewe. Anauweka juu ya stuli, anaketi, anafumba macho na kuanza kusali. Sala yake si fupi, maana ana watu wengi wa kuwaombea, na anapofika mwisho ndipo anapojua kama mto ule utamfaa mtu wa kukaa kutwa. Pakimwuma mahali, anaufumua wote. Siku moja nilimwuliza, "Wifi, hapo unasali au unapima sponji?" Akanijibu macho yakiwa yamefumbwa vilevile, "Vyote viwili, na wewe unanivurugia vyote viwili."

Huu ni mwaka wa ishirini na sita tangu aolewe na kaka yangu, na wa ishirini na mbili tangu tuanze kufanya kazi pamoja. Karakana yetu inatengeneza viti vya magurudumu. Yeye anashona mito, migongo na mikanda ya viti; mimi napaka rangi fremu. Kati yetu pana pazia la nailoni tu, la kuzuia rangi yangu isirukie vitambaa vyake, kwa hiyo kila anachosema nakisikia. Na anasema! Habari za majirani, habari za watoto, jinsi kaka yangu anavyokoroma. Nyumbani akishika usukani wa mazungumzo, hakuna wa kumpokonya.

Lakini mpeleke kwenye mkutano wa karakana uone. Anakaa mwisho wa benchi, mikono mapajani, utadhani amekuja kusubiri zamu kwa daktari.

Sababu naijua, nami nina sehemu yangu ndani yake. Miaka mingi iliyopita tulikuwa tunajadili kiti cha mzee mmoja aliyekuwa akiteleza mbele. Wifi akafungua mdomo aseme neno kuhusu bomba la chini. Fundi wetu wa kuchomelea vyuma, ambaye kila mtu anamwita Cheche, akamkata kauli: "Mama Sponji, hili ni bomba, halifumuliwi!" Watu wakavunjika mbavu. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Jina la Mama Sponji likamganda, na tangu siku ile akiulizwa kikaoni hujibu, "Sina la kuongeza," basi.

Cheche si mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Ana moyo mwema na mikono ya ajabu. Ila ana sauti. Mikutano yetu ilikuwa inaanza na Cheche, inaendelea na Cheche, inafungwa na Cheche. Sisi wengine tulikuwa viti.

Ndipo mwaka huu akaja Chiriku.

Chiriku ni msichana wa miaka tisa. Jina hilo tulimpa wenyewe, kwa sababu akiingia anaongea na akitoka bado anaongea. Miguu yake haina nguvu na mgongo wake haumshikilii. Ukimkalisha, baada ya muda mfupi anaanza kulalia upande wa kushoto, polepole, mpaka anakunjika. Kwa hiyo mkono wake wa kushoto haukuwa na kazi nyingine duniani ila kujiegemeza usiku na mchana. Analelewa na bibi yake, mama mzaa mama, mwanamke mwembamba aliyembeba mgongoni miaka yote hiyo.

Mwalimu mkuu wa shule iliyo jirani nao alikuwa amekubali kumpokea, lakini aliwaeleza bila kuficha: darasa limejaa, mwalimu ni mmoja, hakuna mtu wa kumshika mtoto asianguke. Chiriku akiweza kukaa mwenyewe tangu kengele ya asubuhi mpaka kengele ya mapumziko, yaani muda wa saa mbili nzima, nafasi yake ipo Jumatatu, siku ya kufungua shule. Asipoweza, asubiri mwaka mwingine. Na mwaka uliotangulia alikwisha kusubiri.

Kiti cha kwanza tulichomtengenezea kilishindwa. Cha pili, Cheche aliweka kishikio kipya upande wa kushoto, juu, chini ya kwapa, na wifi akakivisha sponji nene. Jumatano tukamjaribisha. Nilisimama na brashi mkononi, macho kwenye saa ya ukutani. Dakika ya kumi na nane bega lilishuka. Dakika ya ishirini na tano alikuwa amening'inia juu ya kile kishikio kama nguo iliyoanikwa.

"Nipo sawa," akasema Chiriku, uso ukitazama sakafu. "Msinitoe. Nipo sawa kabisa."

Bibi yake akageukia dirishani. Cheche akatupa spana kwenye ndoo, ikalia karakana nzima. Wifi ndiye aliyepiga magoti, akamwinua mtoto na kumshika mabega.

"Kwa hiyo Jumatatu?" Chiriku akamwuliza.

"Jumatatu utakaa darasani," wifi akasema.

Brashi ikanidondoka. Wifi yangu si mtu wa ahadi za ovyo. Hata akienda dukani kununua uzi husema "Mungu akipenda". Safari hii hakuongeza kitu. Nikamfuata nyuma ya pazia, nikamkuta anakunja kitambaa kilichokwisha kunjwa.

"Wifi, umesema nini pale?"

"Nimekisikia nilichosema."

"Na kiti kiko wapi?"

"Usiniulize mimi." Akainua kidole juu. "Muulize aliyenifungua mdomo. Yeye anajua kiti kiko wapi."

Aliyekuwa ameyaona yote hayo ni Mhandisi wetu. Ni binti mdogo, umri wa watoto wetu, na alikuwa na miezi mitatu tu kazini. Cheche akiwa na furaha humwita "mwanangu", akinuna humwita "Mhandisi". Alhamisi asubuhi tulipofika, tulikuta meza kubwa imesogezwa ukutani, na kwenye misumari tunayotundikia magurudumu imetundikwa runinga pana. Waya ulitoka kwenye runinga ukaingia kwenye kompyuta yake. Humo kwenye runinga kulikuwa na picha ya kiti cha Chiriku, kitupu, kimepigwa picha kwa mbele.

"Kuna mpira leo?" Cheche akauliza.

"Kuna kiti," Mhandisi akamjibu. "Tena leo tunafikiri kwa vidole, siyo kwa midomo. Kaeni."

Akatueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo macho yake yalivyozidi kung'aa. Kila mmoja angeshika simu. Ndani ya kila simu ameweka programu, na programu hiyo inaleta picha ileile ya kiti. Ukichora kwa kidole kwenye simu yako, mchoro unatokea papo hapo kwenye runinga, wote wauone, lakini bila jina la aliyechora. Tungechora dakika saba. Ndani ya dakika hizo hakuna kusema hata neno moja, wala kufuta cha mwenzako. Zikiisha, kompyuta yenyewe itampa kila mtu mchoro usio wake, naye atasimama na kuutetea kana kwamba ameuzaa yeye.

"Na nikipewa cha kijinga?" Cheche akauliza.

"Utautetea ujinga huo kwa nguvu zako zote."

"Basi mimi," akasema fundi wa magurudumu, mzee tunayemwita Mzee Spoku, "namwomba Mungu anipitishie mbali kile cha Cheche."

Tukacheka, tukakaa. Bibi yake Chiriku naye alikuwepo, maana Mhandisi alimwita. Mtoto alibaki kwa jirani, kwa kuwa dakika saba za kimya asingeziweza. Bibi alipopewa simu akairudisha haraka. "Mimi si fundi, mwanangu. Mimi nipo nisikilize tu." Mhandisi akamwachia asikilize, akaketi pembeni yake.

"Haya. Anzeni."

Wasomaji wangu, karakana yetu haijapata kunyamaza saa za kazi tangu ijengwe. Siku zote kuna nyundo, kuna mashine ya kukatia mabomba, kuna Cheche. Sasa kulikuwa kimya mpaka nikasikia saa ya ukutani. Halafu kwenye runinga ukaota mstari mwekundu. Ukafuata wa bluu. Roho ikaanza kunidunda, kweli kabisa, kama mtoto aliyeona sinema kwa mara ya kwanza! Nilichora mkanda wa kupita kifuani, umepinda kama njia ya mbuzi, nikainua macho na kuuona upo pale ukutani, mkubwa kuliko mimi. Mkanda wangu! Na hakuna aliyejua ni wangu.

Wifi alikuwa anahangaika. Aligonga simu, hamna kitu. Akaigonga tena. Akanigeukia, akanionyesha kwa mikono kwamba imekufa. Mhandisi akaja kwa kunyata, akamshika kidole na kukiinua juu tukione: wifi alikuwa amevaa tondoo, ile kofia ndogo ya chuma anayoivaa ili sindano isimchome. Simu haisikii chuma. Cheche alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yakimtetemeka, na Mzee Spoku akalazimika kutazama dari. Wifi akavua tondoo, akaiweka mfukoni kwa heshima zote, akainama juu ya simu vile anavyoinama na chaki yake juu ya kitambaa. Akaanza.

Dakika saba zikaisha. Tukahema kwa pamoja.

Mhandisi alikuwa amechora kiti kizima kilazwe nyuma kidogo, hilo alitueleza baadaye. Michoro miwili ilikuwa na vishikio vya kushoto, kimoja juu na kingine juu zaidi. Kulikuwa na mkanda wangu. Na kulikuwa na mmoja wa kijani uliotushangaza wote: mto mdogo, chini kabisa, usawa wa nyonga, na uko upande wa kulia wa mtoto. Kulia! Wakati Chiriku anaangukia kushoto. Nikajisemea moyoni, maskini, kuna mtu alisinzia.

Kompyuta ikagawa. Mkanda wangu alipewa Mzee Spoku, naye akausimamia kama wakili: "Mkanda huu nimeuota jana. Ni mwembamba, ni mwepesi, na umepinda kwa makusudi." Nilitamani nimkumbatie. Mimi nilipewa kile kishikio cha juu zaidi, nikakitetea kwa sentensi mbili nikakaa.

Kijani kikamwangukia Cheche.

"Hapana," akasema. "Hapana, huu siutetei. Mtoto anaangukia huku, mtu anaweka mto kule? Ukuta unaangukia barabarani, wewe unapeleka nguzo chumbani?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa namtazama wifi. Aliangalia simu yake, akaangalia runinga, akaangalia tena simu, kisha akaziba mdomo kwa mkono. Sikuelewa.

"Kanuni ni kanuni," Mhandisi akasema.

"Mwanangu, unanionea."

"Utetee."

Cheche akakuna kichwa. Sura ilimwiva. Lakini jambo moja nampongeza: akikubali kazi, anaifanya. Akavuta kiti kikubwa kilichokuwa kinasubiri rangi yangu, akajitupa ndani yake. "Mzee Spoku, njoo. Nishike kwapa la kushoto, uwe kishikio. Haya, mimi ni Chiriku. Ninyamazeje sasa, nami ni Chiriku?" Tukacheka tena. Akalegeza mwili wote, akaachia shingo, akaachia mabega, akaulalia mkono wa Mzee Spoku. Na kiuno chake kikateleza kwenda kulia.

"Ngoja," akasema.

Akajinyoosha, akalegea tena. Kiuno kikateleza tena.

"Ngoja, ngoja, ngoja! Mmeona? Huku juu nimeshikwa, lakini huku chini nakimbia! Kiuno kinakimbia! Ndiyo maana mgongo unapinda!" Sauti ilikuwa imempanda. "Fundi rangi, wewe, njoo! Weka mkono hapa, nyonga ya kulia, pale ilipo ile kijani. Sukuma! Sukuma bwana, sivunjiki!"

Nikasukuma. Mzee Spoku kwa kushoto juu, mimi kwa kulia chini. Cheche akalegea mwili mzima mpaka ulimi ukamtoka, akabaki wima kama mshumaa.

"Nimeachia kila kitu," akasema taratibu, "na sianguki."

Hapo bibi yake Chiriku akasimama. "Hapo ndipo ninapoweka goti," akasema.

Wote tukamgeukia.

"Nikimlisha," akasema, akionyesha hewani kwa mikono yake myembamba, "huku namshika kwapa, na kule chini, upande ule mwingine, naegemeza goti langu kwenye nyonga yake. Anakaa mpaka sahani inaisha. Sikujua kama hilo ni jambo la kusema. Nilidhani ni namna yangu tu."

Mhandisi alimsogelea. "Bibi, tumekuuliza mara ngapi anaangukia wapi," akasema. "Hakuna aliyekuuliza unamshikaje."

Akakimbilia kompyuta. Alikimbia kwelikweli, kiatu kikamchomoka akakiacha. Akagusa mahali, michoro mingine ikafifia, ikabaki miwili tu, imewekwa mmoja juu ya mwingine: kishikio chekundu kushoto juu, mto wa kijani kulia chini. Kimoja kinasukuma huku, kingine kinasukuma kule, na katikati yake, penye nafasi iliyobaki, ungeweza kumwona mtoto amekaa wima. Nawaambieni nilimwona! Hakuwepo, lakini nilimwona.

Hapo zamu zilikwisha. Kila mtu alisema kwa wakati mmoja, vidole vikarudi kwenye simu, mistari ikawa inaota kwenye runinga kama mvua imenyesha. Mzee Spoku anataka magurudumu yasogezwe mbele. Mimi nataka mkanda wangu ushushwe mapajani. Bibi, yule aliyekuja kusikiliza tu, ameshika simu ya Mhandisi na anachora goti lake, na limetoka goti kweli, lenye mfupa.

"Sasa semeni," Cheche akanguruma, "nani mwenye kijani?"

"Hakuna majina," Mhandisi akamkumbusha.

Wifi angeweza kunyamaza. Kanuni ilimlinda, na sifa zilikuwa zinaelea tu hewani bila mwenyewe. Lakini wifi yangu hali kisicho chake. Alisimama pale mwisho wa benchi, mikono ameishikanisha.

"Ni mimi," akasema. "Lakini nilikosea."

"Ulikosea vipi?"

"Sisi wa cherehani chaki tunapiga upande wa ndani wa kitambaa. Miaka yote mgongo wa kiti nauona kwa nyuma, siuoni kwa mbele. Nilipoinama kwenye simu nikajiona nipo nyuma ya kiti kama kawaida yangu. Nilitaka kuweka mto kushoto kwa mtoto, nikauweka kushoto kwangu, kumbe picha ni ya mbele, ukawa kulia kwake. Nimegundua Cheche alipoukataa. Kwa hiyo msinipigie makofi. Lile ni kosa, na aliyelifanya liwe na faida si mimi."

Cheche akajinasua kwenye kile kiti, akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Mama," akasema, na hakusema Sponji, "mimi nimekosea viti viwili kwa akili zangu zote. Wewe umekosea mara moja, na mtoto anakaa. Nakuomba uendelee kukosea." Tulipomaliza kucheka akavuta stuli, akakaa mbele yake. "Haya, niambie. Mto huo uwe na unene gani?"

Wifi akatazama mikono yake. Halafu akaanza kusema. Sponji iwe ngumu ndani na laini nje, kwa sababu nyonga ya mtoto ni mfupa mtupu. Uwe na mkanda wa kurekebisha, maana mtoto anakua. Kitambaa kisiwe cha kuteleza. Alisema mpaka chai yetu ikapoa, na sauti yake ilikuwa ileile ninayoisikia nyuma ya pazia. Mwisho akamwonyesha Cheche runinga: "Na bomba lako la kushoto lishuke vidole vitatu. Ulilipandisha mno, ndiyo maana linamchoma."

Cheche akachukua chaki, akaandika kwenye kiganja chake: vidole vitatu.

Ijumaa nzima tulifanya kazi kama watu wenye harusi. Cheche alikata na kuchomelea, Mzee Spoku alinyoosha magurudumu, mimi nilipaka rangi ya chungwa aliyoichagua Chiriku mwenyewe, na nyuma ya pazia cherehani haikupumzika. Mto ule mdogo hauwezi kukaliwa na mtu mzima, kwa hiyo wifi aliubana kati ya nyonga yake na ukuta, akasali hivyohivyo amesimama kiubavu. Sikumtania.

Jumamosi Chiriku akaletwa. Bibi akamkalisha, Cheche akafunga kishikio, wifi akasukuma mto wake mahali pake na kukaza mkanda. Tukarudi nyuma. Hakuna aliyetaka kuitazama saa, na hakuna aliyeacha kuitazama.

Dakika ya kumi na nane ikapita. Ya ishirini na tano ikapita, Chiriku anatusimulia habari za paka wa jirani. Nusu saa. Dakika ya arobaini mwili wake ukaanza kuinama kushoto. Bibi akaruka, Cheche akaruka, wifi akawa amekwisha nyoosha mikono.

"Nini?" Chiriku akauliza, kichwa chini. "Naangalia kiatu changu!"

Akakiangalia kiatu chake vizuri, akaridhika. Kisha akarudi wima. Mwenyewe! Hakuna aliyemgusa. Miaka tisa hajawahi kurudi mwenyewe.

"Mkono," bibi yake akanong'ona. "Uangalieni mkono."

Mkono wa kushoto ulikuwa umelala mapajani, haujaegemea kitu. Chiriku naye akauona. Akauinua, akauchezesha vidole mbele ya uso wake kana kwamba umeletwa sasa hivi. Mhandisi akampa simu. "Kiti ni chako," akamwambia. "Kama kimepungua kitu, chora."

Chiriku akaishika simu kwa mkono wa kushoto, akachora kwa wa kulia, ulimi nje. Kwenye runinga ukatokea mviringo wa njano, juu, karibu na mpini wa kusukumia, mbali na kila kitu.

"Hiki nini?" Mzee Spoku akauliza.

"Kioo. Kama cha pikipiki. Wote mnanisukuma kwa nyuma, na mimi naongea na watu nisiowaona. Nataka niwaone."

Tukatazamana. Miaka ishirini na mbili tunatengeneza viti, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiria hilo. Hakuna hata mmoja!

"Huo nautetea mimi," Cheche akasema, tayari anatafuta bomba jembamba. "Sihitaji kupangiwa na kompyuta."

Siku ile alikaa kwa muda wa saa mbili na robo. Alikaa mpaka sisi tukachoka.

Jumatatu tulimsindikiza, bibi, wifi na mimi. Kwenye lango la shule wifi alikuwa ndiye anayesukuma. Kengele ikalia, watoto wakaanza kukimbia kwenda madarasani, na Chiriku akamtazama wifi kwenye kioo. "Achia," akamwambia. Wifi akaachia. Mtoto akashika magurudumu kwa mikono yote miwili, akajisukuma, akayumba kidogo, akanyooka, akaingia.

Sisi tukabaki kwenye ua. Tulikuwa na kazi karakana, na hakuna aliyeitaja. Bibi alikaa kwanza juu ya jiwe, kisha akashindwa kukaa, akasimama. Wifi alisali sala yake yote akaimaliza, akaianza upya. Dirisha la darasa lilikuwa juu, tusingeweza kuona kitu. Nilihesabu mistari ya bati la paa lile mpaka nikaijua kwa moyo.

Kengele ya mapumziko ikalia. Watoto wakamwagika uwanjani, kelele mbinguni. Tukangoja. Cha mwisho kutoka mlangoni kilikuwa kiti cha rangi ya chungwa, na ndani yake Chiriku, wima, daftari jipya mapajani, anajisukuma kuja kwetu.

"Mmesimama hapa muda wote huo?" Chiriku akatuuliza.

"Tumesimama," wifi akasema.

"Mimi nimekaa," akasema Chiriku. Akageuza kiti, akarudi uwanjani kwa wenzake.